Injini Iliyotoka Ziwani

Siku Edris alipomwona Mzungu amepiga magoti mbele ya chuma chakavu, kofia kaiweka kifuani, alijua kwamba riziki yake imeshuka kutoka kwenye garimoshi.

Ilikuwa stesheni ya Malaba, mwaka wa tatu tangu bendera ya Uhuru ipandishwe. Edris alikuwa amekwenda pale kwa shughuli yake ya kila siku, yaani kutazama ni nani ameshuka akiwa na uso wa mtu asiyejua bei ya vitu. Mzungu huyu alikuwa mrefu, mwembamba, masharubu yake meupe yameungua ncha kwa moto wa kiko. Mbele yake, kando ya reli, palikuwa na pampu kuukuu ambayo hata wanunuzi wa vyuma kutoka Tororo walikuwa wameikataa. Aliigonga kwa kinyundo kidogo, akaitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akaikwaruza kutu kwa ukucha, akaunusa ukucha. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Hii ya nchi kavu."

"Pole sana, bwana," Edris akamjibu kwa sauti ya matangani. "Kwani ulikuwa ukitafuta ya wapi?"

"Ya maji. Injini ya boti. Ya zamani sana."

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Edris alivua kofia yake ya kutarizi, akapiga magoti upande wa pili wa pampu, na wote wawili wakaitazama kwa kimya cha heshima.

Mzungu aliitwa Bwana Petifa. Alikuwa ametumika katika vyombo vya ziwani ujana wake wote, na sasa, badala ya kupumzika kama wazee wengine, alizunguka nchi akikusanya injini za maboti ya zamani, zile zilizoletwa Ziwa Victoria enzi ambazo Wajerumani na Waingereza walikuwa wakiwindana majini. Huko Naivasha alikuwa na banda limejaa hadi mlangoni.

"Memsaabu alisema, chagua: mimi ama injini," akaeleza. "Mimi nilichagua."

"Na hukukosea, bwana. Injini haina mama mkwe."

Mzungu akacheka mpaka kiko kikamdondoka, na hapo Edris akajua kwamba mlango umefunguka. Akauliza kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, hivi injini ya majini inajulikanaje? Na Bwana Petifa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa hiari yake, akamwaga yote. Ya majini hupozwa kwa maji ya ziwa, kwa hiyo ina bomba lake la kuyavuta, na bomba hilo ni la shaba kwa sababu chuma kingeoza. Shaba yake huota ukungu wa kijani. Nyingi zilikuwa na kibao cha shaba chenye jina. Na katika nyufa zake husalia vitu vya ziwa, tope, magamba, makombe ya konokono wa majini.

"Lakini kila mtu hapa naambia mimi injini yake imetoka majini," akamalizia. "Yote uongo. Mimi hapana amini mdomo. Mimi naamini macho yangu tu."

Edris alimtazama kwa mapenzi. Katika taaluma yake, mtu anayeamini maneno ni kazi ngumu, maana maneno lazima yapangwe upya kila siku. Lakini mtu anayeamini macho yake mwenyewe ni ndugu. Unayapa macho chakula, kisha unakaa kando na kunyamaza.

"Bwana," akasema polepole, "unipe wiki moja. Kule Sio Port kuna wavuvi ambao nyavu zao hukwama kila mara mahali pamoja. Mimi sisemi kitu. Utakuja Busia uone mwenyewe."

Sasa yafaa tumjue Edris kabla hajatuuzia kitu. Alikuwa mwenyeji wa Busia, mtoto wa wauza duka, mtu wa makamo mwenye suruali iliyonyooshwa pasi hata siku za mvua. Aliwahi kumkodishia mfanyabiashara wa Mbale kivuli cha ukuta wa serikali, kwa msimu mzima, na kivuli cha asubuhi kikiwa na bei yake mbali na cha jioni. Duniani alikuwa na mali mbili tu: ulimi na piki-piki. Ulimi ulimwingiza katika mambo, na piki-piki ilimtoa. Ilikuwa nyeusi, ikiwaka kwa pigo la kwanza la mguu, na Edris aliiosha kwa sabuni ya kuogea. Aliipenda kwa sababu iliyo wazi: mlaghai asiye na piki-piki ni mlaghai anayefikika.

Injini aliyoifikiria haikuwa Sio Port. Ilikuwa Alupe, nje kidogo ya Busia, katika kinu cha unga cha Alupo.

Alupo alikuwa mjane wa Kiteso, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuweza kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na kinu chake kiliwasagia wanawake wa sehemu zote zile. Injini ilikuwa ya namna ya kale, ile ambayo kichwa chake huchomwa kwanza kwa tochi ya moto mpaka kiive, kisha gurudumu lake zito linazungushwa kwa mikono na matusi. Juu ya bomba lake la moshi Alupo alikuwa amevalisha mkebe wa samli uliotobolewa matundu. Ndivyo walivyofanya wenye vinu wote. Moshi ukipita katika mkebe hupiga mluzi, na kila mkebe una mluzi wake, hata mwanamke aliye shambani maili kadhaa akiusikia hujua ni kinu cha nani kimeamka leo, akatua jembe na kwenda kuchukua mahindi. Injini ya Alupo ilikuwa ikisema *tuku-tuku-wiii*. Lakini siku hizo ilikuwa ikisema *tuku*, ikakohoa, ikafikiri sana kabla ya kusema *wiii*.

"Dada Alupo," Edris akaanza, "nakuona ukiteseka na mgonjwa huyu na moyo unaniuma."

"Moyo wako uko upande gani, Edris? Niushike tujue kama upo."

"Kuna watu wangu wa matofali wanataka chuma cha kuvutia maji. Nitaichukua hii nikutue mzigo."

Alupo alikuwa akipepeta simsim. Hakuacha kupepeta. "Hii aliileta marehemu mume wangu. Unajua aliitoa—"

"Dada, historia tuwaachie walimu. Mimi nataka chuma."

Ungo ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. "Haya. Tuwaachie walimu. Utanilipa nini?"

"Nikishauza."

"Ukishauza utakuwa Kampala. Piki-piki ilale hapa kwangu. Ukinilipa, unaichukua. Siku ya soko ikipita hujalipa, nitajifunza kuiendesha."

Edris alimweleza Alupo habari za uaminifu, za undugu wa mpakani, za marehemu baba yake. Alupo alisikiliza yote kwa utulivu, akampa simsim ale, kisha akarudia neno lile lile: piki-piki ilale hapa. Mwisho Edris akaisukuma mwenyewe mpaka ndani ya kinu, akaifunika gunia, akaipapasa tangi kama mtu anayemwacha mtoto bwenini.

Injini ilipelekwa Busia kwa lori, ikashushwa katika ua wa godauni tupu nyuma ya soko. Mkebe Edris aliung'oa mwenyewe na kuuacha Alupe. Alijua kabisa kwamba sauti ile ina masikio mengi yanayoitambua. Kwa habari ya akili, hatutamdai kitu.

Fundi wake alikuwa Ikapel, mtengenezaji baiskeli, mtu wa maneno machache na tundu nyingi katika shati. Ikapel alifungua kifua cha injini, akabadilisha vilivyolika, akasugua mafuta na unga vilivyogandamana unene wa vidole viwili. Kila kifaa kilitoka mfukoni mwa Edris, na Edris alilia kwa kila kifaa. Lakini injini yenye pumzi ina bei kuliko maiti.

"Hapa pana mkono," Ikapel akasema siku ya pili, akipangusa fimbo ya chuma iliyochomoza ubavuni. "Nilidhani ni msumari wa kutundikia vikapu. Ni wa nini?"

"Urembo. Wazungu wa zamani walipenda vishikio. Uache."

"Na hapa chini ya unga pana maandishi yameshikamana na chuma chenyewe. Na kitu kama jembe la pembe mbili."

Edris alikuwa akipaka tope la Sio Port kwenye bomba, pua kaifunga kwa leso. Hakuinua macho. "Yafunike! Ndipo kibao chetu kitakapokaa."

Kibao kilikatwa kutoka kwenye tangi la stovu ya shaba ya mama yake Ikapel. Kilichorwa jina la meli ambayo haikupata kuelea popote ila kichwani mwa Edris, kikazikwa siku kadhaa katika shimo la mkojo wa ng'ombe, kikafukuliwa kimeota ukungu wa kijani mzuri kabisa. Kilinuka kwa namna ambayo Edris aliieleza kuwa ni harufu ya vilindi. Kisha wakapachika makombe katika nyufa kwa lami, wakazungusha magugu ya ziwani, na kwa kumalizia Edris akarusha konzi moja ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani.

"Omena wa nini?" Ikapel akauliza. "Omena waliokauka juani wanaogeleaje?"

Edris akawaza, akawaokota mmoja mmoja.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Petifa alitarajiwa kutoka Malaba. Kabla yake alifika Alupo, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nyuma yake kulikuwa na kinu chenyewe, mikanda yake, na kitu kikubwa kilichofunikwa magunia.

"Dada, unataka nini hapa?" Edris akamkimbilia langoni. "Leo si siku ya mambo yako!"

"Kinu kisicho na injini nitakifanyia nini? Nakipeleka ng'ambo, kuna Mganda anakitaka. Nikasema, njiani niiage injini ya marehemu."

"Iage Jumamosi!"

"Edris." Sauti ilishuka, na macho ya mama yule yakajaa maji. "Nimeishi na chuma hiki kuliko nilivyoishi na mume wangu. Unaninyima hata kukishika?"

Kuna mambo ambayo hata Edris hakuyaweza, na mojawapo lilikuwa kumsukuma mjane anayelia. "Upesi basi. Uishike, utoke."

Alupo akazunguka nyuma ya injini, shuka lake pana likiburuza. Alikaa huko muda wa dua fupi. Kisha akatoka akijipangusa macho, akapanda mkokoteni wake uliosimama kando ya lango, na kutulia kama mpita njia anayepumzisha ng'ombe.

Bwana Petifa aliingia na kinyundo chake. Edris hakusema neno. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayefungua pazia, na akakaa juu ya sanduku.

Mzungu alizunguka injini mara ya kwanza mikono nyuma. Akazunguka tena, akichutama. Akagonga, akasikiliza. Aliliona bomba la shaba, na masharubu yakamtetemeka. Aliona makombe, akabandua moja, akaitazama lami iliyobaki, na masharubu yakatulia. Alifika kwenye kibao, akanusa, akarudi hatua moja.

"Bwana Edris. Hii imekaa chini ya maji muda gani?"

"Mimi ni mtu mdogo, bwana. Siwezi kuyafundisha macho yako."

"Na inatembea?"

"Ikapel! Mwamshe bibi arusi."

Ikapel alikuwa tayari amechoma kichwa mpaka kikawa chekundu. Akashika gurudumu, akavuta pumzi, akalizungusha. Injini ikapiga chafya, ikapiga ya pili. Halafu kifua kipya kikakubali, na kote Busia, juu ya mabati ya soko, juu ya lango la forodha na hata ng'ambo kwa Waganda, ikapaa sauti kubwa, safi, yenye afya:

*Tuku-tuku-wiii! Tuku-tuku-wiii!*

Edris aliruka kutoka kwenye sanduku kana kwamba limeshika moto. Alitazama juu ya bomba la moshi. Mkebe wa samli ulikuwa umekaa pale, ukipiga mluzi kwa raha zake.

"Zima!" akapiga kelele. "Ikapel, zima!"

Lakini injini za namna ile hazizimwi kwa kupigiwa kelele, na Ikapel hakusikia. Na lango likafunguka.

Waliingia wanawake. Waliingia na vikapu vya mahindi kichwani, na debe za mtama, na mihogo mikavu katika magunia, wenye watoto mgongoni na wasio na watoto, wakisukumana viwiko.

"Kumbe Alupo amehamia mjini na hasemi!"

"Mimi wa kwanza!"

"Wa kwanza nani? Nilikupita ukiwa bado unajifunga leso!"

"Msinikanyage, mimi nina mtama wa mgonjwa!"

Bwana Petifa alimshika Edris bega. "Hawa watu nataka nini?"

"Wapenzi wa historia, bwana," Edris akasema bila kumeza mate. "Wamesikia kuna kitu cha kale kimeibuliwa, wamekuja na zawadi."

Bahati mbaya mpenzi mmoja wa historia alikuwa tayari ameutundika mkoba wake kwenye ule mkono wa chuma, kwa mazoea, bila hata kuangalia, na akawa akiipiga injini makofi ubavuni. "Mzee wa kusaga! Umenenepa! Nani amekuogesha hivi? Bwana Mzungu, huyu amenisagia uji tangu kifungua mimba wangu!"

"Uji?" akasema Bwana Petifa.

"Uji, ugali, kila kitu. Alupe nzima anailisha huyu."

Ikapel, ambaye alikuwa ametambua hali, aliziba mafuta. Injini ikafifia, ikanyamaza. Uso wa Bwana Petifa ulikuwa ukipanda rangi, kuanzia shingoni.

"Injini ya kinu," akasema. "Ya kinu! Na makombe ya lami! Nani mwenye hii injini? Mimi naita askari sasa hivi."

Hapa lazima tukumbuke kwamba kila kazi ina silika yake. Mpishi akisikia kitu kinalia jikoni hukimbilia chungu. Mtu wa kazi ya Edris akisikia neno askari, mdomo wake husema wenyewe kabla ya kichwa kupata habari.

"Si yangu!" akasema Edris.

"Nini?" Alupo akauliza kutoka kwenye mkokoteni. "Mimi mbali, sikusikia."

"Injini si yangu, bwana! Wallahi si yangu. Ni ya mama huyu. Imekuwa yake siku zote."

"Sema tena, Edris, Bwana Mzungu ana masharubu masikioni."

"Ni yako, Alupo! Yako, yako, yako! Chukua chuma chako na mimi nipe piki-piki yangu!"

"Mmesikia?" Alupo akawauliza wanawake.

"Tumesikia!" ua mzima ukaitika.

Alupo akashuka mkokotenini bila haraka, akavuta magunia. Piki-piki ilikuwa pale, imeoshwa. Edris karibu alie. Kumbe alikuwa na roho, mama huyu! Alikuwa akiirudisha bila hata kudai fidia. Kwa dakika nzima Edris alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mpakani: hakuna askari, hakuna injini, na piki-piki iko mkononi. Alipoteza vifaa alivyonunua tu.

Bwana Petifa naye alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Basi. Chukua hii, ukumbuke mimi," akamwambia Edris, na kwa ncha ya kinyundo akakibandua kibao cha stovu ampe.

Kikaanguka. Chini yake palikuwa safi, Ikapel alikuwa amepasugua vizuri kabla ya kufunika. Herufi nene zilizoyeyushwa pamoja na chuma chenyewe. Namba. Na chini ya namba, nanga.

Kicheko kilikatika katikati.

Mzungu alitazama nanga. Akautazama mkono wa chuma, akautoa mkoba uliotundikwa, akauvuta. Ndani ya tumbo la injini kitu kikabofya. Akausukuma, kikabofya tena. "Mkono wa kurudi nyuma," akanong'ona kwa Kizungu, kisha akarudia kwa Kiswahili, kama anayejiombea: "Kinu gani... kinu gani nahitaji kurudi nyuma?"

Kisha akafanya jambo ambalo Edris, mtu wa kazi, alilitambua mara moja na likamchoma moyo. Alivua kofia yake na kuitundika kizembe juu ya ile nanga. Akapiga mwayo.

"Mama," akamwambia Alupo, "hii chuma mbaya sana. Takataka. Lakini mimi naonea wewe huruma. Mimi iko nunua."

Alupo akavaa uso wa kijinga kuliko nyuso zote zilizopata kuonekana Busia. "Ee, bwana! Mimi mwanamke wa unga, najua nini? Mimi nataka kusaga tu. Ukiichukua hii nitasagia nini?"

"Mimi nanunua wewe injini mpya. Ya dizeli. Kutoka Kisumu."

"Mpya? Na si itashtuka kuingia katika nyumba ile ya matope?"

"Nyumba ya bati basi."

"Na sakafu ya saruji," akasema Alupo kwa sauti ndogo, akiangalia vidole vya miguu.

"Na saruji!"

"Na atakayeifunga..."

"Fundi juu yangu!" Bwana Petifa alikuwa anakubali kabla sentensi haijaisha, akikunja mikono kuficha furaha ya mtu anayemwibia mjane.

Edris alijisogeza. "Bwana Petifa, kwa kweli mimi ndiye niliye—"

"Wewe ulisema si yako," akasema Mzungu.

"Alisema yako, yako, yako," wakasema wanawake.

Wakati huo Alupo alikuwa ameshamwelekeza Ikapel. Kinu kilishushwa, mkanda ukavishwa gurudumu, na injini ikaamshwa tena, maana Bwana Petifa mwenyewe alisihi aione ikifanya kazi. Ua wa godauni ukajaa vumbi jeupe na vicheko. Mzungu alisimama katikati ya unga, machozi yakimchora mashavuni, akipokea debe na kumimina mahindi kama mtu aliyezaliwa Alupe.

Edris alishika mpini wa piki-piki. Mkono mkubwa ukatua juu ya mkono wake.

"Mama zako hawa wametoka mbali," Alupo akasema. "Huwezi kuwaacha watembee na unga kichwani. Au nimuulize Bwana Mzungu kama ile habari ya askari bado anaikumbuka?"

Basi akawabeba. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mama mmoja nyuma na debe lake, mtoto wakati mwingine katikati. Suruali ya pasi iligeuka nyeupe, kofia ya kutarizi ikawa keki. Watoto wa njiani walimkimbiza wakimwita mwokaji.

Wa mwisho alikuwa Mama Auma, kikongwe aliyeishi mbali kuliko wote, kule Marachi, mwepesi kama ungo na mwenye maneno ya mtu aliyepanda piki-piki kwa mara ya kwanza na kuona inafaa.

"Unaendesha vizuri, mwanangu. Alupo alisema utaendesha vizuri."

"Alisema lini?" Edris akauliza juu ya bega, bila kujali sana.

"Jumatatu. Alipotuita. Busia nzima ilishajua Mzungu wako anakuja Alhamisi. Alisema njoni Busia Alhamisi, mkae nyuma ya soko, na mtakaposikia mkebe mwingie. Tulikaa tangu alfajiri, mimi magoti yaliniuma! Akasema kusaga bure, na kurudi mtabebwa."

Piki-piki ilipunguza mwendo, ikasimama yenyewe katikati ya njia, kati ya mashamba ya mihogo.

"Jumatatu," akasema Edris. "Mtabebwa na nani?"

"Na wewe. Nani mwingine ana piki-piki? Unajua yule Mzungu alipita Alupe kabla hajakutana nawe. Alupo alimwambia, bwana, hii mume wangu aliitoa katika boti la Sio Port, alikuwa fundi wake mpaka likatoboka. Mzungu akachungulia mlangoni, akacheka. Akasema kila mtu anamwambia hivyo, na gizani mle hakuona ila unga, hata uso wa Alupo hakuuona. Alupo akawaza, huyu lazima aigundue mwenyewe. Lakini nani ataitengeneza, nani ataisugua, nani atamlipa mwenye lori? Halafu wewe ukaja na moyo wako unaokuuma." Mama Auma aliweka vizuri debe lake mapajani. "Yeye alitaka kukwambia imetoka wapi, mwanangu. Ulimkataza."

Edris aliuachia mpini. Alianza kuhesabu kifaa kimoja kimoja alichokililia, akafika kwenye machozi ya mjane langoni, na hapo kitu kikamtekenya chini ya mbavu. Alijaribu kukizuia. Kikamtoka. Alicheka mpaka unga ukamtoka masikioni, mpaka ng'ombe aliyekuwa akila kando ya njia akahama.

Mama Auma alimngoja kwa subira. Alipoona amemaliza na anajipangusa macho, akamgusa bega.

"Vizuri. Alisema kwanza utanuna, halafu utacheka. Na nikuone umecheka ndipo nikupe ujumbe."

"Ujumbe gani, mama?"

"Jumanne tunasaga mtama. Uje mapema."